Umeona Nini?

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, kina mama, kina baba, na ninyi vijana mliobanana kule nyuma karibu na mlango kama watu wanaopanga kutoroka: nawasalimu nyote, na nashukuru kwa kunialika.

Mwenyekiti aliponipigia simu nilidhani amekosea namba. Nikamwambia, mzee wangu, chama chenu kina watu ambao kuta zao zimejaa pembe. Ukutani kwangu kuna kalenda. Akacheka, akasema: "Ndiyo maana nakutaka wewe. Wenye pembe watatufundisha kupata. Lakini nina vijana humu wanaotaka kuuza bunduki zao." Basi nimekuja. Sifa iliyonisimamisha hapa ni moja tu: niliwinda kulungu misimu sita mfululizo, na sikurudi na hata mmoja. Wahenga walituambia siku za mwizi ni arobaini. Za mwindaji hawakuzitaja, nadhani walituhurumia.

Kwanza tuelewane kuhusu mnyama mwenyewe, maana lugha yetu ina mtego hapa. Neno kulungu wengine wetu tulilirithi likiwa jina la mnyama wa jamii ya swala, ambaye pembe zake akishaota hukaa nazo hadi kufa. Huyu ninayemsema mimi, tunayemwinda huku ugenini, ni wa ukoo mwingine, yule ambaye waliotafsiri Biblia walimwita ayala. Pembe za dume wake ni mfupa. Huota upya kila mwaka zikiwa zimevikwa ngozi laini yenye manyoya, ngozi hukauka, dume huikwangua kwenye miti, na majira ya kupandana yakishapita pembe zenyewe huanguka chini kama matunda. Afrika nzima ina mmoja tu wa asili wa ukoo huu, naye yuko kaskazini kabisa, Algeria na Tunisia. Nitaendelea kusema kulungu kwa sababu ndivyo tunavyosema sote, ila mjue ni yupi.

Sasa, kuna neno moja ambalo ndilo limenileta hapa, na hakuna asiyelijua. Neno hilo ni "Umepata?"

Unaamka saa tisa usiku. Unavaa gizani usije ukawaamsha wengine, unakanyaga kitu, wote wanaamka. Unafika porini, unapanda dungu lako la juu ya mti kwa kupapasa, unakaa. Vidole vya miguu vinakufa ganzi kimoja baada ya kingine, unavihesabu vikiondoka. Kunapambazuka. Kindi anakuona, anakutukana robo saa nzima mbele ya msitu wote. Saa mbili, saa tatu, saa nne. Unashuka, unarudi. Hujavua hata kiatu, mtu anachungulia: "Umepata?" Hana ubaya. Anauliza kwa mapenzi. Lakini msimu wa kwanza unamjibu kwa kicheko, wa pili kwa maelezo marefu, wa tatu kwa neno moja, na wa nne unaanza kuchelewa kurudi ili ukute wamelala.

Kukosa kwenyewe, niwaambie ukweli, hakuumi sana. Kinachouma ni siku lile swali linapohama nyumbani na kupanda nawe juu ya mti. Kunapambazuka, ukungu unajivuta bondeni, kigogota anagonga mti mkavu, na wewe hushughuliki na lolote kati ya hayo. Unajiuliza tu, nitapata? Saa moja, nitapata? Saa mbili, sijapata. Mtu wa namna hiyo hayupo porini. Yuko mahakamani, anasubiri hukumu.

Wengi hapa wamekuja wakitegemea niwaambie vumilieni. Sitawaambia hivyo. Nilivumilia miaka minne, na uvumilivu ule ulinifikisha mahali pabaya, nitawasimulia. Kwanza niondoe aibu kidogo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mtafiti mmoja wa Marekani, L. David Mech, alikuwa akiwafuatilia mbwa-mwitu, wale wa nchi za baridi, si wa Afrika, kwa ndege ndogo juu ya Isle Royale, kisiwa kilichomo ndani ya Ziwa Superior. Mawindo yao yalikuwa muusi, huyu mkubwa kupita ndugu zake wote katika ukoo wa kulungu. Akiwa angani aliona mbwa-mwitu wakiwafikia au wakigunduana na muusi 131. Waliouawa ni 6. Wengine waliwahi kuwasikia wakaondoka, wengine waligoma kukimbia wakasimama imara hadi mbwa-mwitu wakachoka kuwatazama, wengine waliwashinda mbio. Sita kati ya 131! Huyo ni mnyama ambaye hana kazi nyingine duniani, ana miguu minne, ana pua, ana wenzake, na asipopata halali njaa siku moja tu. Mimi nina pua ya kuvalia miwani, halafu nakasirika kwa sababu Jumamosi mbili zimepita.

Na hata wanadamu, wale walio kwenye nchi zenye kulungu tele, kumaliza msimu bila kitu ni jambo la kawaida kabisa. Kulungu mkia-mweupe wa Marekani leo wanahesabiwa kwa mamilioni. Mwanzoni mwa karne ya 20 hawakuwa hivyo. Uwindaji wa biashara na ukataji wa misitu ulikuwa umewamaliza katika maeneo mengi. Ilibidi iwekwe misimu, idadi ya kuua ipangiwe kikomo, wanyama wahamishwe kutoka walikosalia kwenda walikokwisha, na tangu 1937 ushuru maalumu wa bunduki na risasi ukaelekezwa kwenye kuhifadhi wanyamapori. Mababu wa wawindaji wale walikosa kwa sababu kulungu hawakuwepo. Sisi tunakosa kwa sababu wapo, na wanatuona.

Msitazame sana picha za wenzenu. Hakuna anayepiga picha ya dungu tupu. Mtu akikosa mara kumi na tisa na kupata ya ishirini, ninyi mtaiona hiyo ya ishirini tu, halafu mtalala mkidhani kwake kila siku ni ishirini.

Nakuja sasa kwenye jambo ambalo sikulipanga kulisema hadharani, lakini nilipomwona kijana mmoja pale nje akizungumza kuhusu msimu huu, akisema "mwaka huu lazima," nikaona nisipolisema nitakuwa nimekula nauli yenu bure.

Ilikuwa msimu wa nne, jioni ya mwisho kabisa. Mimi pia nilikuwa nimesema lazima. Jua lilikuwa limezama, mwanga ambao sheria inaruhusu kufyatua ulikuwa umebaki wa dakika chache. Akatokea jike, anatembea, amenipa ubavu kwa mshazari, nyuma yake ikiwa inaelekea kwangu kuliko kifua. Mwindaji yeyote aliyefundishwa anajua risasi inatakiwa iende wapi: nyuma tu ya bega, kwenye mapafu na moyo, mnyama akiwa amesimama na ubavu mzima. Nilijua. Nimefundisha wengine. Lakini siku ile jicho halikuona mwili ulivyokaa mshazari wala giza. Liliona misimu minne. Nikafyatua.

Akaruka, akajikunja mgongo, akaingia kichakani. Nikashuka mbio. Hapo ndipo kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Pale aliposimama nilikuta manyoya machache, damu kidogo ya rangi iliyofifia, na majimaji ya kijani yenye harufu. Ndugu zangu, ardhi huwa inasema. Damu nyekundu yenye povu ni mapafu. Subiri nusu saa, mara nyingi utamkuta karibu. Damu nzito iliyoiva kama zambarau ni ini. Subiri saa kadhaa. Kijani na harufu ni tumbo, na hapo hutakiwi kumfuata kabisa. Ondoka kimyakimya, rudi baada ya nusu siku, kwa sababu mnyama aliyepigwa tumboni asiposukumwa hujilaza si mbali na palepale. Ukimsukuma, atakwenda na maumivu yake mpaka usikojua. Mimi nilimsukuma. Nilikuwa na hofu ya kukosa, nikawasha tochi nikamfuata, nikamsikia akiinuka mbele yangu gizani mara moja, mara mbili, kisha sikusikia tena kitu.

Nilitafuta usiku ule mpaka betri ikaisha. Nikarudi alfajiri, nikatafuta siku nzima, nikiomba msaada wa watu wawili wenye subira kuliko yangu. Hatukumpata. Niliporudi nyumbani niliulizwa lile swali, na kwa mara ya kwanza sikuwa na uhakika jibu lake ni ndiyo au hapana.

Ndiyo maana nikisikia "kaza moyo, usikate tamaa, safari hii utapata," nashtuka. Mtu aliyekosa muda mrefu hana upungufu wa hamu. Ana hamu iliyooza. Ukimwongezea, unampa sababu ya kufyatua jioni ya mwisho. Kama yuko mtu hapa anayehisi msimu huu ni lazima, namwomba kama ndugu: aiache bunduki wiki moja. Msimu hautakimbia kwa ajili ya wiki.

Mimi niliiacha mwaka mzima uliobaki. Niliamini nimemaliza.

Aliyenirudisha ni mzee mmoja ambaye hakuwa hata na nia ya kunirudisha. Sitamtaja, hapendi. Nilikutana naye njiani mwanzoni mwa msimu wa tano. Nilikuwa nimetoka porini kwa mazoea tu, bila moyo. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu. Umeona nini?"

Nikajibu, "Sijapata."

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa saa akajibu jina lake. Akasema, "Sikukuuliza hilo."

Nikafikiri. Nikasema, nimeona kindi. Akauliza, kulungu walilala wapi jana? Sijui. Walikula nini? Sijui. Upepo ulikuwa unatoka wapi saa moja, na saa tatu ulikuwa unatoka wapi? Nikasema upepo ulikuwa... wa kawaida. Mzee akasema "haya," kwa upole, jinsi unavyomwambia mtoto aliyekuletea mchoro wa ng'ombe mwenye miguu mitano, akaendelea na safari yake.

Nilikaa kwenye mti mmoja misimu minne. Ningeulizwa na polisi kilichokuwa kinatokea mita mia kutoka pale, ningeonekana shahidi wa uongo.

Basi nikanunua daftari. Sikuapa lolote. Nilijiwekea sharti moja tu: siendi porini bila swali, na swali liwe la aina ambayo kulungu asipotokea bado linaweza kujibiwa. "Nitapata?" si swali la namna hiyo. "Hewa ya bonde hili inakwenda wapi jua likizama?" ni swali la namna hiyo.

Na hilo ndilo lilikuwa la kwanza. Siku hiyo nilipanda na sufi mfukoni, ile ya mti, nyuzi zake nyepesi. Unachomoa kidogo, unaachia, unaitazama inakopelekwa. Haisemi uongo kama kidole kilicholowekwa mate, kwa sababu kidole kinakuambia upepo ulipo wewe tu, sufi inakwenda kukuonyesha harufu yako inakofika. Alasiri iliondoka vizuri, ikapanda mteremko nyuma yangu, mbali na mapito ya kulungu. Nikajisifu. Saa kumi na mbili kasoro, jua linazama, nikaachia nyingine. Ikasita hewani. Ikageuka. Ikaanza kushuka taratibu, ikapita chini ya miguu yangu, ikateremka kama maji kwenye mfereji, ikaenda kutua katikati ya mapito yale ambayo nimekuwa nikiyalinda kwa misimu minne.

Sababu yake haina siri. Jua likiupiga mteremko, ardhi hupata joto, hewa huwa nyepesi na kupanda. Jua likiondoka, hewa ya juu hupoa, huwa nzito, huteremka bondeni. Kila jioni, saa ileile ambayo kulungu huanza kutembea, mimi nilikuwa nawamwagia jasho langu kichwani. Mnyama anayeishi kwa pua! Hakuwa na haja ya kuniona. Alikuwa ananisoma kama tangazo.

Nilicheka peke yangu juu ya mti mpaka nikashika tawi nisianguke. Na hapa nataka mnisikilize vizuri, maana ndicho nilichokuja kusema. Ile ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza ya furaha porini baada ya miaka minne, na hakukuwa na kulungu. Nilirudi nikikimbilia nyumbani. Nikaulizwa, "Umepata?" Nikasema, "Hapana, lakini ngoja nikusimulie!" Watu walidhani nimepigwa na baridi kichwani.

Tangu hapo maswali yalizaana. Kulungu ni mnyama wa kucheua. Hula harakaharaka, hujaza chumba cha kwanza cha tumbo lake lenye vyumba vinne, kisha huenda kujificha mahali penye usalama, hujilaza, hukirudisha chakula mdomoni na kukitafuna upya. Kwa hiyo maisha yake yana sehemu tatu: anapokula, anapolala, na njia inayounganisha. Mimi nilikuwa nimeijua moja, anapokula, kwa sababu ndiyo rahisi kuonekana. Msimu wa tano niliutumia kutafuta vitanda vyake. Ukipata majani yaliyolazwa kwa umbo la yai, lala hapo (ndiyo, lala, hakuna anayekuona) utazame anachotazama yeye. Nilipolala kwenye kitanda changu cha kwanza nilielewa aibu yangu yote: upepo ulikuwa unanijia mgongoni ukiniletea harufu ya yeyote atakayetoka nyuma, na macho yalikuwa yanaona mteremko wote wa mbele, pamoja na njia ninayopita kila siku kwenda kwenye dungu. Alikuwa anatazama ninavyofika kazini.

Macho nayo. Nilitumia fedha nyingi kwa nguo za mabaka, kila mwaka mabaka mapya. Kulungu ana macho ubavuni mwa kichwa, anaona karibu pande zote bila kugeuka, na kwenye mwanga hafifu anatushinda mbali. Rangi ndizo zinampa shida: bluu anaiona vizuri, nyekundu na rangi ya chungwa hazimwambii kitu kikubwa. Ndiyo maana sheria za nchi nyingi zinaweza kumvalisha mwindaji kizibao cha rangi ya chungwa kinachomeremeta, wenzake wasimpige risasi, na kulungu asijali. Kinachomfichua mtu ni mkono unaokuna pua. Wauzaji wa mabaka wanisamehe, watoto wao nao lazima wale.

Kuna maswali ambayo hayanisaidii kuwinda hata kidogo, nayo ndiyo nayapenda zaidi. Yule kulungu mdogo wa Ulaya hupandana Julai na Agosti, lakini mimba yake hutulia tumboni miezi kadhaa bila kukua, kana kwamba imeambiwa ingoje, kisha huanza kukua majira ya baridi ili mtoto azaliwe Mei au Juni majani yakiwa laini. Kulungu mkia-mweupe wa kaskazini hufanya vingine: madume huchanganyikiwa mwishoni mwa mwaka, hasa Novemba, na kinachowaamsha ni kufupika kwa mchana. Tulizoea kusema "baridi imechelewa, na wao wamechelewa." Baridi huwafanya watembee zaidi mchana au watembee kidogo, basi. Kalenda yao ni mwanga. Mtu anayejua hayo akikaa porini saa sita bila kuona unyoya, hajakaa bure, maana kila jani linaloanguka lina sehemu yake kwenye hesabu.

Mengine nitayapita haraka, kwa sababu mnayajua ila hamuyafanyi. Dungu likikaliwa kila siku, kulungu hulijua na kulizunguka, au huhamia usiku, lipumzisheni. Msikae saa kumi kama akili imeondoka saa ya tatu. Shukeni, mtembee, mrudi kesho. Lengeni shabaha wakati msimu umefungwa, ili siku ile mkono usiwe mgeni. Mwisho wa majira ya baridi, pale sheria inaporuhusu, nendeni bila silaha mkatafute pembe zilizoanguka: ni siku pekee ambayo mwindaji hawezi kuulizwa kama amepata na akaona aibu, na nyayo mtakazokuta zinasema mambo ya msimu mzima. Na mchukueni mtoto. Mtoto hana habari na misimu yenu sita. Mara ya kwanza nilipokwenda na mmoja, alikaa dakika arobaini akiangalia mchwa wakibomoa kisiki, kisha akaninong'oneza kwamba siku hii ni nzuri kuliko ya jana. Jana alikuwa shuleni, lakini sikumpinga.

Nimeulizwa pia, kwa maandishi, kabla ya kuja: mtu ajuaje kwamba amefika mwisho, aache? Nilitaka kulikwepa. Wapo wanaoacha kwa sababu mwili umechoka, wapo ambao hawataki tena kuua, na wapo ambao kazi na watoto vimewala muda. Hao si walegevu, na chama chochote kinachowacheka kinajipunguzia watu wema. Kipimo changu ni hiki, nanyi mna hiari ya kukikataa. Ukiwa huna hamu ya kuua lakini bado unataka kujua wamelala wapi, hujaacha uwindaji. Ukiwa unataka kuua na hutaki kujua wamelala wapi, ulishauacha zamani, umebaki na bunduki tu.

Najua mnasubiri kuuliza. Ndiyo, nilipata. Msimu wa sita sikupata, ingawa nilijaza madaftari mawili na nusu. Wa saba, asubuhi ya siku ya tisa, nilikuwa nimekaa upande wa pili wa bonde, chini ya upepo wa kitanda kimoja nilichokuwa nikikichunguza, na swali la siku ile lilikuwa jepesi: wanarudi kulala kabla au baada ya jua kugusa kilele? Jike mmoja wa makamo akaja peke yake, kabla. Akasimama na ubavu mzima, hatua arobaini. Nikangoja mpaka akapeleka mguu wa mbele, bega likafunguka. Alikwenda hatua chache akaanguka pale ninapomwona. Nilikaa nusu saa hata hivyo, nikiwa nimeshika saa mkononi, kwa ajili ya yule mwingine.

Yote hayo hayakuchukua dakika moja. Ndiyo maana sina hadithi ndefu ya siku ile, wenye pembe ukutani watanisamehe. Nilipomtengeneza nilifungua tumbo la kwanza, mzee wangu alinifundisha, nikakuta amekula vipande vya mbegu za mwaloni, na sikuwa nimewahi kuona mwaloni katika upande ule wa bonde. Kesho yake idadi yangu ya kibali ilikuwa imekwisha, sikuwa na ruhusa ya kuua hata sungura. Nilikwenda hivyohivyo, kutafuta mwaloni.

Niliupata siku ya tatu, nyuma ya mawe, mmoja tu, mzee, umeinama.

Msimu wa nane sikupata. Huu wa tisa umebakiza wiki mbili, na mpaka leo jioni bado sijapata. Kesho upepo unatarajiwa kugeuka ukitoka kaskazini, na kuna mteremko mmoja ambao sijawahi kuutazama na upepo huo, kwa hiyo mtaniwia radhi nisipokaa mpaka usiku wa manane. Saa tisa si mbali. Ndugu mwenyekiti, nimemaliza. Kama kuna maswali, naomba tuanze na yule kijana wa "mwaka huu lazima." Yule pale, karibu na mlango. Njoo mbele, mdogo wangu. Umeona nini?